Siri ya Madada

Mirdif, Dubai
Jumamosi, 9 Machi 2013

Kwako Ndunge,

Mimi ni mzima. Madam amenunua mashine mpya ya kufua, inanguruma kuliko ile ya zamani. Nimeifurahia, kwa sababu ikiwaka naweza kumwimbia Mungu bila mtu wa nyumba hii kunisikia.

Picha yako nimeiona. Umevaa nyeupe, umeshika mshumaa wa kiapo katikati ya wasichana wa chama chenu cha chuo huko Amerika. Mchungaji alimwonyesha mama, akamwambia umeingia kwa shetani. Tangu juzi mama hatii kitu mdomoni.

Mimi nilikutetea. Jana kwenye maombi yetu ya Ijumaa, mtaani Al Nahda, niliwaambia akina Virginia ninaosali nao kwamba ni urafiki tu wa wasichana. Kisha nikakupigia nikuulize mliapa nini, ukanijibu, "Siwezi kukuambia, dada. Ni siri ya madada."

Na mimi niliyekubeba mgongoni kukupeleka kanisani ni nani kwako?

Shida yangu si mshumaa, Ndunge. Mimi najificha nikiomba kwa sababu nyumba si yangu. Wewe uko huru kuomba popote, na bado umenifungia mlango.

Mpigie mama umwambie ale.

Kila Ijumaa nimekuwa nikitaja jina lako liombewe. Wiki ijayo nitataja langu, maana hasira hii imenishinda.

Ni mimi, dada ambaye hakuwahi kukuapisha,
Phyllis