Mimba ya Kelsey Ilivyohesabiwa

Eldridge, Iowa
19 Oktoba 2025

Mpendwa dada Verla,

Hujambo na baridi ya Alaska? Mguu umepona? Shemeji Orrin bado anakuficha chumvi? Sisi hatujambo, soya imeshaingia ghalani.

Najua habari za Kelsey zimekufikia, tena nusunusu. Sasa zisikie kwangu mimi mama yake.

Unakumbuka alipomzaa Hattie moyo wake ulivimba, akalazwa muda mrefu kuliko mtoto mwenyewe. Daktari alimwonya kwamba mimba nyingine ingeweza kumuua. Mwezi uliopita akajikuta mjamzito, vidonge vya kuzuia havikuzuia kitu. Alilia jikoni kwangu, maana huyo mtoto alimtaka, ila Hattie naye anamtaka mama.

Basi mume wangu Duane akajitia mkunga. "Acheni papara, sheria ya hapa Iowa inakataza kutoa mimba moyo wa mtoto ukishaanza kupiga, kama wiki ya sita hivi. Huyu tangu ile Sikukuu ya Wafanyakazi ya Septemba ana wiki tatu tu. Tuvune kwanza." Alihesabu kama anavyowahesabia ng'ombe wake, tangu siku ya dume. Tukamwamini, kwa kuwa kwa ndama hajakosea hata mara moja.

Tulipofika kliniki, wiki sita zilikuwa zimepita na moyo wa mtoto unapiga.

"Haiwezekani!" Duane akamjia juu nesi. "Kwani nyie mnahesabu tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, mzee."

"Yaani mnampa mimba hata kabla hajaipata?"

"Ndivyo madaktari wote wanavyohesabu, baba yangu."

Tukauliza kuhusu moyo wa Kelsey. Wakasema bado haujawa mbaya kiasi cha kuitwa dharura inayoruhusiwa na sheria. Nilikasirika, Verla, nikatoka nje nisije nikamtukana mtu.

Ng'ambo ya mto, kule Illinois, sheria inauliza jambo jingine: je, kwa maoni ya daktari, mtoto angeweza kuishi nje ya tumbo? Kwa mimba changa vile, jibu lilijulikana. Mtoto yuleyule, mama yuleyule, katikati daraja moja tu. Aliyemwendesha Kelsey ni Duane, na unajua Duane miaka yote amewapigia kura wanaopinga kutoa mimba. Njia nzima alimshika binti yake mkono.

Nimemlilia mjukuu wangu nisiyemwona. Siku hiyohiyo nikamshukuru Mungu kwa kuniachia binti yangu. Usiniulize nimewezaje yote mawili.

Kelsey amenionyesha ulichomwandikia, kwamba wewe si mama yake mkubwa tena. Sikuombi ubadili imani yako. Kama huna neno la upole, mwandikie habari za kabichi zako tu. Angekufa, dada, ungepanda ndege kuja kumlilia. Yu hai. Mwandikie.

Nisalimie Orrin na binti yako Tess. Mungu awatunze nyote, na wewe akulainishe moyo kidogo.

Mdogo wako, akupendaye hata ukinuna,
Marlys