Nusu ya Uso Wako, Baba

Dodoma

Baba,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa, chai umeshakunywa, na goti halikusumbui sana. Bibi naye natumai anaamka vizuri na bado anagombana na kuku wa jirani. Mimi nipo. Huku ni jua na vumbi, maji ya kununua, lakini kazi ipo kwa anayejua kupima.

Sikupiga simu kwa sababu simu yako unaiweka sauti kubwa, Bibi anajibu kabla yako, na neno langu linakatwa kabla halijafika. Karatasi haikatizwi.

Nianze na kilichonipata. Unajua kazi yangu ni madirisha ya aluminiamu na vioo. Nilianza kwa kubeba vioo vya watu mgongoni, na wewe ulisema hiyo ni kazi ya walioshindwa kuendesha duka. Sasa napima mimi, na wengine wanakata kwa namba zangu. Fundi akikosea kipimo hana pa kujificha, dirisha lenyewe linamshitaki.

Mwezi uliopita tulikuwa ghorofani kwenye nyumba ya mtu, mchana, jua linapiga juu ya vioo tulivyoviegemeza ukutani. Nilikuwa sijatia kitu tumboni tangu asubuhi. Nikavuta futi nisome kimo cha dirisha. Niliona moja, nikaona nane. Katikati hapakuwa na kitu. Si giza, baba, wala si ukungu. Palikuwa hapapo. Nikafikicha macho. Pembeni kikazuka kijinyota, kikakua, kikawa mstari wenye meno kama ya msumeno, unametameta na kutetemeka, ukajikunja kama mundu. Nikafumba macho, nao ukabaki mumo humo.

Nikajikaza. Nikamwambia Yona, mwenzangu wa kazi, Mgogo wa huku huku, "Andika mia na kumi na nane." Kumbe ni mia na arobaini na nane. Kioo kikakatwa kifupi kwa sentimita thelathini.

Yona akaangua kicheko. "Mtu wa Tanga, majini yenu yamekufuata mpaka Ugogoni? Yaambie huku hakuna nazi, yarudi kwao!"

"Yona, mdomo wako siuoni."

"Basi leo nitakucheka vizuri, maana hunioni."

Lakini aliponiona nashika ukuta, kicheko kilimwisha. Alinishusha ngazi kwa ngazi kama bibi harusi, akanikalisha kivulini. Baada ya kama nusu saa uso wake ukarudi wote, pamoja na ubaya wake. Ndipo kichwa kikaja, upande mmoja, nikatapika mpaka nyongo.

Ilipojirudia nikaenda hospitali. Daktari, mwanamke kijana, alinipima presha, akanimulika machoni kwa taa, akaniambia nimbane vidole, nitembee, nicheke. Mwisho akauliza, "Kwenu nani mwingine anaona hivi?"

Nikasema hakuna.

"Mama yako je?"

Baba, hapo ndipo nikaikumbuka siku ile.

Nilikuwa mtoto lakini sikuwa mjinga. Ilikuwa Ramadhani, jua halijazama, mama anakuna nazi. Alinyanyua kichwa akakutazama, akasema, "Baba Salimu, nusu ya uso wako siioni." Alisema kama mtu anayesema chumvi imekwisha. Bibi akaacha tasbihi. "Umesikia, mwanangu? Mke anayekuona nusu, nusu ya pili ameshaizika." Mama akasema, "Mama, ni macho tu, yatarudi." Bibi akamjibu, "Macho ya nani? Hayo yenu ya Pangani tunayajua."

Wewe ulikuwa na ulimi siku hiyo. Hukuutumia.

Tangu hapo kila yalipomjia mlimfungia chumbani na chetezo, mkamfukiza mpaka akatapika, mkasema huyo pepo anatoka. Kichwa kilipomgonga baadaye mlimfunga kilemba, mkasema maskini, ana kipandauso. Yaani kwa kichwa alikuwa mgonjwa, kwa macho alikuwa mchawi. Mwisho ukampa talaka, ukabaki na sisi. Zuhura, mdogo wangu, ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Mtoto yule aliachishwa ziwa kwa talaka.

Daktari aliniambia nini? "Hiki ni kipandauso. Kwa wengine huanzia machoni, ndipo kishuke kichwani. Mara nyingi hutembea kwenye damu ya familia." Kipandauso, baba! Neno lililokuwa kinywani mwa kila mtu pale kwetu Mabawa. Akaniambia nile kwa wakati, ninywe maji, nilale, nisikae juani mbele ya vioo bila kofia, na yakinijia nishuke jukwaani kwanza. Na nikiona mkono unalegea au maneno yanapinda, nikimbie hospitali, nisingoje. Basi. Hakuna aliyenifukiza.

Nilipompigia mama, hakulia. Aliuliza tu, "Kwani ina jina?" Nikamwambia ina jina. Akasema, "Basi mwambie baba yako." Ndiyo nakwambia.

Nisingekwambia kwa ukali huu kama si Zuhura. Najua yote, amenisimulia mwenyewe. Najua darasani maandishi ya ubaoni yanamkatika katikati, na ameona meno yale yale ya msumeno. Najua umemtoa shule mtihani wa kidato cha nne ukiwa mlangoni, na kwamba keshokutwa unampeleka kwa mganga kule Pongwe awekwe ndani mpaka pepo ataje jina lake. Alipokuuliza, "Baba, pepo hawezi kungoja nifanye mtihani?" ulimwambia ana macho ya mama yake.

Ni kweli anayo. Na mimi ninayo. Sasa tufukize watatu?

Mimi si daktari, sisemi kwa hakika mtoto ana nini. Nasema apimwe na mtu mwenye taa, si mwenye chetezo. Huku kwetu ukikosea kipimo mara ya kwanza, watu wanasema ni bahati mbaya. Ukishasahihishwa, kisha ukakata pale pale pa zamani, hiyo si bahati tena. Hiyo ni wewe.

Aliyekukabidhi barua hii ni Mjomba Hamisi, kaka yake mama. Hujamwona miaka mingi lakini hajabadilika. Amekuja kumchukua Zuhura. Kesho asubuhi atampeleka hospitali, kisha mtoto atakaa kwa binti yake Mjomba, hapo mjini karibu na shule, mpaka amalize mtihani. Mama ameshavuka na pantoni ya Pangani, yuko huko anamngoja. Ukitaka kwenda nao hospitali ukasikie kwa masikio yako, nenda. Nafasi ya baba haijachukuliwa na mtu. Ukikataa, Mjomba hatapigana nawe. Atakaa hapo kibarazani, nami nitapanda basi la alfajiri, tutakaa wawili, majirani watuulize tunangoja nini.

Nisalimie Mama Mdogo, mkeo, aliyemlea Zuhura bila makelele. Yeye hamo katika haya. Nisalimie Shangazi Mwanahawa wa vitumbua, na Mzee Bakari, jirani yetu muadhini. Bibi mbusu mkono kwa ajili yangu. Kwa umri wake simwambii neno. Haya yote ni yako.

Zuhura ameshafunga begi. Yupo chumbani, anasikiliza kama umemaliza kusoma. Mwite.

Mwanao,
Salimu