Mwanafunzi wa chumba cha pili

Zuena, acha unachofanya usome hapa! Dada yangu Asmaa leo yamemkuta.

Si unajua anafundisha Kiingereza mtandaoni, kule kwao Iringa? Kuna mwanafunzi anajiita Amna. Kamera hafungui, ila kila swali wa kwanza kubonyeza kile kimkono cha kuomba kujibu ni yeye. Asmaa akaingiwa na shaka. Huyu ni nani hasa?

Leo akamwambia, "Amna, washa maiki, jibu kwa sauti."

Jibu likatoka kwenye simu. Likatoka na kwenye chumba cha pili!

CHUMBA CHA PILI, Zuena!

Kufungua mlango, mama mkwe! Yule yule anayedai Asmaa anapiga soga na wanaume humo mtandaoni.

"Mama, kumbe unanichunguza?"

"Mwanzoni ndiyo," akasema. "Sasa niambie, mwalimu. Nimepata?"