Ekseli Haina Tundu

Jumatatu, 4 Oktoba 1954

Leo asubuhi nyuma ya jiko, kama kawaida. Ekseli juu ya kichwa, pumzi, chini. Juu tena. Mikono ilikuwa bado juu Njiru alipoingia uani na bunduki yake ya homgadi, mgambo wa serikali. Akasema chuma kirefu kimekatazwa, watu wa msituni wanaopigana na serikali wanatengenezea bunduki. Nikamwambia ile ni ekseli ya lori bovu, nilipewa na Mhindi wa gereji ninakofanya kazi. Ni chuma kitupu mpaka ndani.

"Njiru, bunduki gani haina tundu?"

Akaita mwenzake wakaibeba wawili, wanahema kama ng'ombe wa kulima. Mimi huibeba peke yangu. Mbwa hawa.

Michezo ya wilaya ni mwezi ujao, uwanja wa Embu. Atakayeshinda kuinua vyuma anapelekwa Nairobi. Mwaka jana nilishindwa kidogo tu na mtu wa Meru. Mwaka huu ilikuwa zamu yangu.

Jumatano, 6 Oktoba

Sijainua chochote. Gereji pia siendi, pasi yangu ya kutoka kijijini imechukuliwa. Kutwa nzima tuko kwenye handaki la kuzungushia kijiji kipya walichotuhamishia. Kila nyumba ina kipande chake. Yetu ni mimi na mama tu. Udongo mwekundu, mgumu, na chini tunasimika mianzi iliyochongwa. Tunachimba jela yetu kwa mikono yetu, halafu tunaambiwa tuimbe.

Nimejishika mkono. Naona umeshapungua. Mama anasema siku mbili haziwezi kupunguza mkono wa mtu. Anajua nini.

Jumamosi, 9 Oktoba

Nimesikia jambo la kunitia kichaa. Ekseli yangu iko posti, kituoni kwa homgadi. Njiru anaiinua kila asubuhi na kila jioni. Amejiandikisha kwa michezo!

Tulitahiriwa asubuhi moja, mto mmoja, maji yale yale ya baridi. Rika langu. Mtu wa rika lako hakuibii. Labda akivaa kofia ya serikali rika linaisha, sijui.

Jumapili, 10 Oktoba

Baada ya kanisa nimechukua jiwe la mama la kusagia, lile kubwa la chini. Nimeliinua mara kumi, nikarudia. Mama amekasirika, anasema jiwe la chakula halichezewi. Nimemjibu vibaya. Kesho nitainua tena, handaki au hakuna handaki. Njiru hapumziki, nami sipumziki.

Alhamisi, 14 Oktoba

Bega limekwenda. Nilikuwa nimechimba tangu alfajiri, nikarudi nikaling'ang'ania jiwe. Kitu kikasema paa. Sasa hata kijiko nainua kwa mkono wa kushoto.

Mama amenipaka mafuta ya mbarika ya moto. Kisha akaenda kulisafisha jiwe lake. Afadhali angenitukana.

Ijumaa, 15 Oktoba

Mzee wa kijiji amesema bega si ugonjwa. Kipande kichimbwe. Nilipofika, vijana watatu wa rika langu walikuwa ndani ya kipande chetu, wanachimba kimya. Wamemwambia mama akae. Kipande chao wenyewe walikuwa wamemaliza kwanza. Nimeona aibu, na aibu inanitia hasira zaidi.

Jioni amekuja Mjomba Nthiga. Ndiye aliyenifundisha kuinua, aliporudi kutoka vita vya Burma. Nimemwambia nimekwisha, mwezi utapita na mikono itakuwa ya mtoto. Amekunywa uji, amefuta mdomo.

"Ireri, hata shamba hupumzishwa."

Nilitaka kumtupia kibuyu. Mashamba yetu yote yamelala, haturuhusiwi kuyafikia, nyani wanakula mahindi. Huyo ananiambia habari ya shamba kupumzika.

Jumanne, 26 Oktoba

Sijagusa jiwe tangu siku ile. Nimekaa tu kama kuku anayeatamia, wale watatu wakichimba kipande chetu. Nimekula, nimelala, nimewalaani watu.

Leo nimelijaribu polepole. Limekuja juu kama limepunguzwa. Nimeliweka chini nikaliangalia. Nimeinua tena. Bega kimya.

Basi Mjomba alisema kweli. Hata hilo limeniudhi.

Jumamosi, 6 Novemba

Siku ya michezo. Sina pasi ya kutoka. Nimekwenda getini kwa Njiru mwenyewe, nimemwomba aniombee kwa mzee wa kijiji. Mimi, kumwomba yule. Akasema hana nafasi, analiwahi lori. Akapanda, hakugeuka.

Nimeshinda handakini. Nguvu zimejaa mikononi na hazina pa kwenda. Nimevunja mpini wa jembe.

Jioni lori limerudi. Njiru ameshushwa amelazwa juu ya gunia. Wanasema alianza kuinua, mgongo ukakataa, akaanguka mbele ya Bwana Shauri, yule Mzungu wa wilaya. Mtu wa Meru ameshinda tena. Nimecheka mpaka mama akatoka nje. Sikuona raha niliyoitarajia.

Jumapili, 14 Novemba

Njiru amekuja mlangoni. Bila bunduki, bila kofia, amejishika kiuno kama bibi kizee. Posti wanamcheka. Nilitaka kumfukuza, lakini mama alikuwa ameshamwekea kigoda na kumkorogea uji. Mtu wa rika lako hafukuzwi mlangoni, na mama anajua kwamba najua.

Alikunywa uji wote. Halafu akauliza, macho chini:

"Nikiacha kuinua, nguvu zitaisha?"

Nilijua jibu. Nilikaa nalo. Nilifikiria ekseli, lori, mpini uliovunjika. Ningeweza kumwambia aende akainue kesho asubuhi. Angeniamini.

Nikamwambia hata shamba hupumzishwa. Nikamwambia avue shati.

Mama alikuwa ameshapasha mafuta. Mgongo wake umevimba upande mmoja. Nimeusugua mpaka akaacha kuguna. Hakusema asante, wala sikuingojea. Ekseli bado iko posti.

Sijamsamehe. Nimempaka mafuta tu. Kesho kutwa atakuja tena, nimemwambia asichelewe.