Chai ya Bluma

Yorkshire, Uingereza, Alhamisi

Dada Recha,

Sisi wazima, ila magoti yangu yanalalamika. Mpishi wa msafara wetu, anayepika kosher kwa kufuata miiko yetu ya Kiyahudi, ana mkono mzuri, na kondoo wa huku hawapishi gari.

Leo baada ya chakula cha nyama tulizungushwa kwenye magofu ya monasteri. Bluma, yule mjane wa kofia mpya kila siku, akafungua chupa yake ya chai ya maziwa.

"Zelig, onja. Masaa matatu yamepita, kwetu yanatosha."

Mume wangu akainywa yote, huku anacheka.

Dada, hata kwetu kwa baba tulingoja masaa matatu tu kati ya kula nyama na kunywa maziwa. Nilipoolewa nikafuata masaa sita ya ukoo wake, miaka yote hii nanywa chai ya rangi. Bluma kayafuta masaa hayo sita kwa tabasamu moja.

Tuliporudi hotelini nikamimina maziwa kwenye kikombe changu, kundi zima linaona.

"Freda," Zelig akaninong'oneza, "masaa sita bado."

"Hayo ni ya kwenu. Mimi nimerudi kwa baba."

Nitandikie kile kitanda cha dirishani. Nakuja Jumapili, peke yangu.

Mdogo wako,
Freda