Kikombe cha Mama Mkwe

Mabatini, Mwanza
Jumapili mchana

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo ya pili ni ya mkweo Elias. Ameniagiza niiandike peke yake, isichanganywe na yangu. Mguu unaendeleaje? Na mihogo, mmeanza kuvuna au bado? Sisi ni wazima, ila shingo yangu inauma kwa kuinama mezani. Najua anayekusomea ni mdogo wangu Nyamisi. Nyamisi, soma yote, usiruke mahali hata ukiona haya.

Mama, ndoa ni nzuri. Ulinitisha bure. Huu ni mwezi wa nne na bado nikisikia hatua zake kwenye kokoto za uani, naacha nilichoshika. Anarudi kutoka kiwandani, kwenye minofu ya sangara, ananuka samaki mpaka kwenye nywele, na mimi naona ananukia. Majirani wananicheka na siwalaumu.

Sasa habari yenyewe. Kesho ndiyo siku ya kuripoti chuo cha ualimu Butimba, na baba anaamini nitakwenda. Nitakueleza kwanza kilichotokea wiki hii, ndipo nikwambie nimeamuaje.

Unajua kwamba tangu nifike hapa nimekuwa nikichora. Siku hizi kila mwenye chumba kinachotazama barabara anafungua duka, na kila duka linataka picha. Nimechora vichwa vya saluni, meno ya mng'oa meno, na kuku wa mama mmoja anayeuza supu. Sina mwajiri. Nikimaliza moja natembea kutafuta nyingine, na kuna wiki natembea tu. Jirani yetu Mama Zuhura alinikuta juu ya ngazi akasema, "Mke wa Elias, kidato cha nne kizima, halafu unamchorea mtu kuku?" Nilimjibu kwamba kuku mwenyewe hajalalamika.

Kuku huyo ndiye aliyeniletea Mama Koku. Ni mama wa Bukoba, ana ofisi ndogo inayotengeneza vijitabu vya afya vya kupeleka vijijini. Alinipa kijitabu cha kuchemsha maji, picha kumi na mbili. Akasema, "Ukiweza, kuna kingine. Ukiharibu, nina mzee niliyemzoea." Niliona kwamba hapo ndipo nitajua kama kazi hii ni yangu au najidanganya.

Hadithi ni ya binti aliyeolewa, mumewe, na mama wa binti. Mume nilimchora Elias. Kila jioni alikaa kwenye kiti ameshika kikombe kitupu mpaka mkono ukafa ganzi, na hakunung'unika hata siku moja. Nilichukua muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu nilikuwa nimepewa ruhusa ya kumtazama. Mama wa binti sikuwa na mtu wa kumkalisha, nikachora uso ninaoujua bila kuutazama. Ni wako, mama.

Kwenye picha ya saba maneno yalisema tu kwamba familia wanapeana maji yaliyochemshwa. Nani ampe nani niliamua mimi. Nikachora mama anampa mkwe kikombe, mkwe anapokea kwa mikono miwili, wanatazamana, wanatabasamu. Niliipenda kuliko zote.

Kabla ya kuchapa, picha hupelekwa kwa watu bila maneno, wanaulizwa wanaona nini. Jumatano tulikwenda Buhongwa, tukakaa na akina mama kwenye baraza la kanisa. Walikwenda vizuri mpaka ya saba.

"Huyu ni nani?" Mama Koku akauliza.

"Ni mume, yule wa mwanzo."

"Na huyu?"

"Mama wa binti."

Mmoja akajifunika mdomo kwa kanga. "Yaani mkwe anakunywa mkononi mwa mama mkwe? Na wanatazamana?"

"Labda amelewa," akasema mwenzake.

"Ndiyo maana anapewa maji."

Walicheka mpaka mtoto mmoja akaamka akalia. Maji hayakuzungumzwa tena.

Njiani Mama Koku akasema, "Mimi nilitazama maji tu, lakini wewe umeolewa Usukumani. Hukuona?" Sikuona. Nilikuwa naona sura, sikuona ni sura za nani. Na Elias, tangu aje kunichumbia, amekuamkia kwa ukuta wa jiko katikati, kwa sababu Msukuma na sisi Wajita kwa jambo hili la kutotazamana na mkwe ni mamoja.

Nilipomwambia, alishika kichwa. "Umenikalisha na mama wa watu mbele ya Buhongwa nzima?" Kisha akacheka mpaka akakaa chini, akaniuliza, "Angalau nilipendeza?" Anaomba radhi, mama. Na mimi naomba.

Jumatano ile, wakati tunaondoka Buhongwa, bibi mmoja alikuwa amenivuta pembeni. "Mwanangu, sisi hatuachi mkwe afe kwa kiu. Mama humpa binti, binti humpelekea mumewe." Nikachora hivyo. Mume yuko uani, anatazama pembeni. Mama yuko mafigani, amewapa mgongo, mkono umerudi nyuma na kikombe, binti anakipokea. Uso wako haupo tena, umebaki mgongo, nao ulinipa kazi kuliko uso. Nilikaa sana nikikumbuka unavyoinama.

Jana tulirudi Buhongwa. Walipofika ya saba hakuna aliyecheka, na mimi nikadhani nimeharibu tena. Ndipo yule wa kanga akaweka kidole kwenye picha. "Hii sufuria mbona haina kifuniko?"

"Maji yanapozwa," akajibiwa.

"Yanapozwa na nzi?"

Wakaanza kubishana, huyu anafunika, yule anaacha wazi, hata tulipoaga walikuwa bado. Garini Mama Koku akaniambia, "Chora kifuniko. Jumatatu saa tatu ulete, na uje na penseli. Kuna kijitabu cha wavuvi."

Jumatatu ni kesho. Elias hajasema niende chuo wala nibaki. Amesema nikienda atanisindikiza mpaka getini, nikibaki atakaa kwenye kiti.

Siendi Butimba, mama. Baba alinisomesha ili nisije nikapiga magoti kwa mtu, na asiye na mwajiri hupiga magoti kila wiki. Najua hayo ndiyo atakayosema, na ni kweli, sina la kumbishia. Lakini wale akina mama walibishania sufuria niliyoichora kama iko jikoni kwao, na tangu jana siwezi kufikiri jambo lingine. Mwambie wewe, akishakula, kabla hajaambiwa na watu gulioni. Usimwambie ni Elias aliyenizuia. Ni mimi.

Nisalimie shangazi aliyenishonea gauni la harusi, mjomba mpiga kengele, na wifi yangu anayenyonyesha. Mjomba asinune kwamba barua yake sijaijibu; nitamchorea kitu.

Natua kalamu hii nishike ile nyingine, nichore kifuniko.

Mwanao,
Nyangeta, mke wa Elias