Shangazi, Siku Uliyotoa Ushahidi Dhidi ya Mwanao

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Marahaba yako sitaisikia, lakini wewe ndiye uliyetufundisha kwamba mkubwa hapewi habari kabla ya salamu, kwa hiyo naanza hapo.

Nakuandikia kwa sababu kuna jambo limetokea baada ya wewe kutuacha, na ulistahili kuwa wa kwanza kulisikia. Ila watakaoisoma barua hii pamoja nawe hawakujui. Niwie radhi nikianza na yale ambayo mimi na wewe tunayajua.

Ulikuwa ukishuka kutoka Mlali, milimani, siku za soko, na ukishamaliza kuuza nyanya zako unakuja kwetu mjini, Mwembesongo. Hukuwa unabisha hodi kama watu wengine. Unaanza kuita tangu kwa jirani: "Wifi! Wifi wa Kondoa, umepika nini?" Mama anatoka jikoni akicheka, mikono ina unga. Mnakaa barazani mnaongea mpaka Baba anarudi kazini na kuwakuta bado mnaongea. Siku moja akasema, "Ningejua mtapendana hivi, ningekuachieni nyumba nikahamia kiwandani." Mlicheka mpaka wewe ukajifuta machozi kwa khanga.

Baba, kaka yako, alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha nguo. Halafu ikaja miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Mitumba ikamwagika sokoni, watu wakaacha kununua vitenge vya kiwandani, na kiwanda kikaanza kuyumba. Mwishoni kikauzwa, na wafanyakazi wakapunguzwa. Baba hakurudi nyumbani kulalamika. Alichukua kiinua mgongo chake, mama akaongezea alichokuwa amejiwekea kwa kuuza vitumbua, wakamalizia nyumba waliyokuwa wanaijenga pole pole. Matofali walifyatua wenyewe. Na Shabani, mwanao wa kwanza, alishuka kutoka Mlali akakanyaga udongo wa matofali yale pamoja nao. Nalisema hili kwa sababu ni kweli, na wewe mwenyewe ulilisema mbele ya hakimu.

Hatukuikalia nyumba ile muda mrefu pamoja na Baba. Homa ilimchukua kwa siku chache tu. Nilikuwa kidato cha pili, wadogo zangu wawili wa kiume bado wako shule ya msingi.

Wasiotoka kwetu inabidi niwaeleze kidogo. Kwa Waluguru, mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mwanamume akifariki, wanaotazamwa kwanza ni wapwa zake, wana wa dada zake. Ni mila ya zamani na imewalinda watu wengi, maana mwanamke wa Kiluguru ana shamba lake la ukoo na hakuna mume anayeweza kumfukuza humo. Lakini mama yetu alikuwa Mrangi wa Kondoa. Huku kwa Waluguru sisi hatukuwa na ukoo wala tuta moja la kupanda maharage. Tulikuwa na nyumba ile basi.

Unakumbuka kikao cha baada ya arobaini. Wazee wa ukoo walikaa sebuleni pamoja na sheikh wa msikiti wetu, wanawake ukumbini. Mzee mkubwa akakohoa, akasema kwa upole, na upole wake ndio uliotisha: "Shabani atapokea jina la mjomba wake, na nyumba ataiangalia yeye. Mkaza mjomba akitaka kukaa, atakaa kwa heshima. Akitaka kurudi kwao, tutamsindikiza vizuri."

Hakuna aliyepinga. Tena palikuwa na karatasi imeshaandaliwa. Mfanyabiashara mmoja alikuwa anautaka upande wa mbele wa nyumba afungue duka la mitumba, na mama alitakiwa atie dole gumba kuonyesha kwamba amekubali. Mama alikutazama wewe. Mimi pia nilikutazama. Ulikuwa umejifunika mdomo kwa mtandio, na moyoni nikasema: imekwisha, hata Shangazi yuko upande wao.

Kisha ukautoa mtandio mdomoni. "Karatasi hiyo isubiri. Mjane yuko edani. Mjane wa edani hafanyi biashara."

Wakatazamana. Hakuna aliyetaka kuonekana anashindana na dini mbele ya sheikh. Karatasi ikakunjwa.

Watu walidhani umeongea mambo ya dini tu. Wiki ile ile ulikuja asubuhi, ukamwambia mama asitoke, ukanishika mkono, tukaenda mahakama ya mwanzo. Nilikuwa naogopa mahakama. Nilidhani anayeingia pale ni mwizi au aliyeibiwa. Wewe uliingia kama unaingia zahanati.

Karani alikuwa kijana mpole. Alikuamkia, ukaitikia, ukamwambia, "Mwanangu, nimekuja kuuliza. Sijaja kushtaki mtu."

"Uliza, mama. Kuuliza hakuna kesi."

Ukamweleza yote, hukuficha kwamba anayeitaka nyumba ni mwanao. Akakufafanulia taratibu. Mama atafute cheti cha kifo na cheti cha ndoa. Aombe kuteuliwa kuwa msimamizi wa mirathi. Ukoo ukimpendekeza katika kikao ni vizuri, ukikataa bado anaweza kuja mwenyewe. Mahakama itabandika tangazo, na mwenye pingamizi atalileta hapo hapo ili hakimu asikilize pande zote.

"Huyo msimamizi," ukauliza, "ndiye mwenye mali?"

"Hapana, mama. Wengi wanakosea hapo. Msimamizi ni kama aliyeshika upawa. Anampakulia kila mwenye haki yake, kisha anarudi mahakamani kueleza alivyopakua. Akijipakulia peke yake, anashtakiwa."

Ulipenda maneno yale, ukamwomba arudie. Akarudia, akaongeza: "Na huyo mjane asitie dole kwenye karatasi yoyote ambayo hajasomewa na mtu anayemwamini. Dole ni sahihi. Likishakaa pale, kulifuta ni kazi kubwa."

Tulipotoka nje nilikuuliza, "Shangazi, huogopi kaka Shabani atakasirika?"

"Atakasirika," ukasema. "Nimemlea. Hasira zake nazijua." Ukatembea kidogo, ukasema tena, kama unajiambia mwenyewe, "Lakini na marehemu kaka yangu, mdogo wangu kwa umri, nilimlea mimi. Mama yetu alikuwa shambani, mimi ndiye niliyembeba mgongoni."

Eda ilipokwisha mama akapeleka maombi. Shabani akaweka pingamizi, na sote tukaitwa.

Chumba kilikuwa kidogo. Hakimu alikuwa mama wa makamo, na wazee wawili wa baraza wamekaa naye kila upande. Shabani alizungumza vizuri. Sitaki mtu yeyote anayesoma hapa amfikirie kuwa mlafi. Alisema mjomba wake alimpenda, kwamba alikanyaga udongo wa nyumba ile, kwamba yeye ndiye mpwa mkubwa, na kwamba hajatunga mila bali ameikuta. Hata mimi nilipomsikiliza niliona ana neno.

Hakimu akauliza mama ana shahidi gani. Ukasimama wewe.

Shabani hakuwa anajua. Bado naiona sura yake ilivyobadilika. Ukala kiapo.

"Unamfahamu huyu aliyeweka pingamizi?" hakimu akauliza.

"Namfahamu. Nimemzaa."

Mzee mmoja wa baraza akavua miwani yake.

"Tueleze marehemu aliishi vipi. Mahakama inataka kujua aliyafuata mambo gani katika maisha yake, ili tujue mirathi yake iende kwa sheria ipi."

Ukaeleza bila haraka. Kwamba kaka yako alioa kwa ndoa ya Kiislamu na wewe ulikuwepo. Kwamba alifunga, aliswali, alizikwa na msikiti wake. Kwamba Shabani alisaidia kujenga na anastahili shukrani. Kisha ukasema maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo: "Shamba letu la Mlali, kaka yangu hakuwahi kulidai hata tuta. Alisema hilo ni la ukoo, liwe la wapwa zake. Nyumba hakuipata kwa ukoo. Aliipata kwa jasho lake na la huyu wifi yangu. Cha ukoo kibaki kwa ukoo. Cha jasho kiende kwa waliotoka jasho na watoto wao."

Hakimu akakutazama. "Mama, unaelewa kwamba kwa maneno hayo wewe na wanao hamtapata kitu kwenye nyumba hii?"

"Naelewa, mheshimiwa. Sisi tuna mlima mzima. Hawa watoto wakitoka pale hawana pa kwenda."

Mama yangu alikuwa analia bila sauti. Mimi nilimtazama Shabani. Alikuwa anatazama sakafu.

Uamuzi ulitolewa siku nyingine. Mama akateuliwa msimamizi, na mirathi ikaamriwa igawanywe kwa sheria ya Kiislamu: mama apate fungu lake la mjane, nasi watoto tupate yetu. Hakimu akamweleza Shabani kwamba ana haki ya kukata rufaa. Shabani akasema hakati. Akatoka, akapita mbele yako bila kukuaga.

Mama alikubembeleza uje nyumbani ule chakula. Ukasema, "Leo hapana, wifi. Niacheni nikalie kwangu." Ukapanda gari la Mlali.

Shangazi, wakati ule sikuelewa gharama. Nilikuwa msichana, nilifurahi kwamba kitanda changu kitabaki pale kilipo. Nilikuja kuelewa baadaye, Shabani alipohamia Dakawa kulima mpunga na sikukuu zikaja na kupita bila yeye kupanda Mlali. Nilielewa nilipokukuta umepika chakula kingi kuliko watu waliokuwepo. Hukuwahi kutulaumu. Hukuwahi kusema "nilipoteza mwana kwa ajili yenu." Ulikuwa unaniuliza shule inaendaje, na nikishika nafasi nzuri unawaambia majirani kabla sijaondoka. Baadaye, Mungu alisaidia, Shabani akaanza kuja. Akaleta mke, akaleta watoto, mkawa mnasalimiana na kula pamoja. Lakini jambo la mahakamani halikutajwa na yeyote kati yenu. Ulikufa likiwa kimya katikati yenu kama mgeni ambaye hakuna aliyemkaribisha wala kumfukuza.

Mama bado anaishi katika nyumba ile. Mimi nimekuwa msaidizi wa kisheria katika kata yetu, na unaweza kucheka, maana wengi wanaokuja kwangu wanaanza kwa kunong'ona, wakidhani kuuliza ni kushtaki. Nawaambia ulichoniambia kwa vitendo: uliza mapema, hifadhi cheti chako cha ndoa, dole usilitoe bure, na msimamizi ni mshika upawa tu. Wajane wanashukuru. Wakinishukuru nawaambia nimefundishwa na shangazi yangu, muuza nyanya.

Sasa sikia habari yenyewe.

Mwezi uliopita Shabani alikuja ofisini kwangu. Amezeeka, ndevu zimekuwa nyeupe kama ambavyo za Baba zingekuwa leo. Alikuja na mkewe, yule Mgogo uliyempenda. Akakaa, akazungusha kofia mikononi, akasema, "Dada, nataka kuandika wosia. Au chochote kile mnachoandika. Nikifa, huyu mke wangu asisumbuliwe kwenye yale majaruba yetu ya mpunga."

Nikamweleza kama ninavyowaeleza wengine. Kwamba majaruba yale waliyoyafungua pamoja wakayaandikishe kijijini kwa majina yao wawili. Kwamba wosia una mipaka yake katika dini, kwa hiyo tumhusishe sheikh. Kwamba karatasi peke yake haitoshi, aite ndugu akiwa hai na mwenye nguvu, aseme mbele yao, wasikie kwa mdomo wake.

Kisha nikamuuliza, "Kaka, unamwogopa nani?"

Akatabasamu kidogo. "Wapwa zangu."

"Ni wabaya?"

"Hapana. Ni vijana wazuri. Ni kama nilivyokuwa mimi."

Mkewe akainama. Halafu Shabani akasema, na nayaandika maneno yake kama yalivyotoka, maana ni yako kuliko yangu: "Siku ile mahakamani nilidhani mama amenikana. Miaka yote nilidhani hivyo. Kumbe alikuwa anamtetea mke wangu, na mimi wakati ule hata sijaoa."

Alisema wakitoka hapo watapanda Mlali, yeye na mkewe, wakakusomee dua. Mkewe alinipigia simu jioni. Alisema Shabani alikaa kando ya kaburi lako muda mrefu, na aliposimama alisema kwa sauti, na ndugu waliowasindikiza wakasikia, "Mama, ahsante."

Nimeona nikuandikie kwa sababu sijui kama sauti inafika. Ikiwa haijafika, basi ichukue hapa, pamoja na ya mama, ya wadogo zangu, na ya kwangu.

Pumzika kwa amani, Shangazi. Nyumba ipo, na watu wamo ndani.

Ni mimi, binti wa kaka yako uliyembeba mgongoni.